Maswali ya wasomaji: Kiriba cha muhogo kilichopasuka siku ya nne

*Jambo Mama Mwalimu. Sisi ni wamama sita wa Kadutu, hapa Bukavu, tuna pepinyeri ndogo, yaani kitalu cha miche ya kahawa, kabichi na nyanya. Tumechoka kununua viriba vyeusi vya plastiki. Watu wakishapanda wanaviacha shambani, mvua inavisomba mpaka ziwani. Tukajaribu kutengeneza vyetu kwa wanga wa muhogo na nyuzi za mgomba. Tulipika uji, tukatia gliserini kidogo na nyuzi, tukaanika juu ya bati. Vingine vilipasuka vikiwa bado juani. Vilivyopona tulivijaza udongo na kumwagilia, na siku ya nne vikafunguka chini, udongo wote ukamwagika. Tulikosea wapi? Mama wa pepinyeri, Kadutu.*

Jambo sana mama, na unisalimie wenzako watano. Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Nguba, sufuria iko kwenye mbabula, kwa sababu nilitaka kwanza nikosee kama nyinyi ndipo niwajibu.

Nilianza na nyuzi. Jirani alikuwa amekata mkungu, mgomba umelala. Nikatoa maganda mawili ya ndani ya shina, nikayalaza juu ya ubao na kuyakwangua kwa mgongo wa kisu. Kwanza yanatoka maji, halafu nyama laini kama ya boga, na mwisho zinabaki nyuzi zinazong'aa, ndefu kuliko mkono. Zinapendeza mpaka mtu anaona huruma kuzikata. Hapo ndipo shida yenu ilipoanzia. Nusu nilizikata urefu wa kidole, nusu nyingine fupi kama punje ya mchele. Zile ndefu, nilipozikoroga, zilijisokota zikawa mafundo kama nywele zilizonasa kwenye kitana. Utando ulipokauka, kila penye fundo palikuwa pameinuka kama uvimbe, na pembeni yake pamebaki pembamba. Pembamba panakauka haraka na kujivuta, kwenye fundo bado pabichi, basi panapasuka palepale. Ule wa nyuzi fupi ulikauka sawasawa, kona hadi kona.

Kwa hiyo kateni fupi sana, na muwe na subira ya kuzichambua. Mkiwa na majivu ya kuni, chemsheni vipande hivyo saa moja ndani ya maji ya majivu yaliyochujwa, kisha suuzeni mpaka maji yatoke bila utelezi. Maji ya majivu yanaondoa ulimbo unaozigandisha nyuzi, kwa hiyo uzi mmoja unagawanyika ukawa nyuzi nyingi nyembamba. Viwandani wanatumia soda kostiki, hiyohiyo ya watengeneza sabuni. Mimi siwashauri muitumie mkiwa na watoto uani, inachoma ngozi na macho, na kwa kazi yenu majivu yanatosha.

Yanatosha kwa sababu hii: wanga wa muhogo na nyuzi za mgomba ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vimejengwa kwa sukari ileile, glukosi, ila imeungwa kwa namna tofauti. Ndiyo maana wanga unashikana na nyuzi bila gundi ya ziada. Anayetia nyuzi hizohizo ndani ya plastiki ya kiwandani anahangaika sana, maana plastiki ile inachukia maji na nyuzi zinayapenda, basi zinakaa pamoja kama mafuta na maji. Mnaweza kujipima wenyewe. Chaneni kipande cha utando na mwangalie ukingo wake kwenye mwanga. Nyuzi zikichomoza nje nzima, safi, kama zimechomolewa, basi hazikushika. Zikiwa zimekatika pamoja na utando, zimeshika. Za kwangu zilikatika.

Vipimo nilivyomaliza navyo ni hivi. Wanga gramu 50, maji nusu lita, gliserini gramu 15, nyuzi kavu gramu 4. Nyuzi zitiwe ndani ya maji baridi pamoja na wanga, kabla ya moto. Nadhani nyinyi mlizitia uji ukiwa umeshakuwa mzito, na hapo hazitawanyiki tena hata mkoroge mpaka jioni. Msizidishe nyuzi kwa kudhani zikiwa nyingi ndiyo nguvu. Nilipofikisha gramu 10 uji haukumiminika, ulikuwa wa kupakua na mwiko, na utando wake ulijaa matundu. Koroga bila kuacha. Wanga ukifika joto la nyuzi 60 mpaka 70 unavimba, ule weupe wa maziwa unaondoka na uji unaanza kupitisha mwanga. Endelea dakika kumi nyingine kwa moto mdogo. Uji uliotolewa mapema una punje ambazo hazikufunguka, na kila punje ni mahali pa kupasukia.

Hiyo "gliserini kidogo" mliyoandika inanitia wasiwasi. Gliserini inaingia katikati ya minyororo ya wanga na kuiacha iteleze, ndiyo maana utando unakunjika bila kuvunjika. Ikipungua, mnapata kitu kama kioo. Ikizidi, mnapata kitu kinachonata mikononi na kuchanika kama mkate uliolowa. Pia pimeni mnachonunua. Famasia moja iliniuzia chupa ambayo nilishangaa haina uzito mkononi. Mililita 100 za gliserini safi zina gramu 126. Ile ilikuwa na 109. Ilikuwa imetiwa maji, na utando wangu wa kwanza wote uliharibika kwa ajili hiyo.

Tena msianike juu ya bati. Bati la Kadutu saa sita mchana linaunguza mkono. Anikeni kivulini, penye upepo, siku mbili au tatu, juu ya kitu laini kama karatasi ngumu ya nailoni iliyonyooshwa.

Kuna jambo mtaliona baada ya wiki chache na sitaki liwakatishe tamaa. Utando uliokuwa laini utaanza kukakamaa. Ni kilekile kinachotokea kwa bugali iliyolala: usiku ililainika vizuri, asubuhi ni ngumu na imetoa jasho. Minyororo ya wanga inarudi kupangana na kusukuma maji nje. Nyuzi na gliserini zinapunguza kasi ya hilo, haziliondoi. Kwa hiyo tengenezeni viriba vya mwezi huu, msitengeneze vya mwaka.

Sasa ile siku ya nne. Wanga unakunywa maji, na gliserini inayavuta zaidi. Kila mlipomwagilia, kiriba kilivimba, gliserini ikatoka na maji, kikabaki kinyonge, na chini ndipo uzito wote wa udongo ulipo. Nyuzi za mgomba zinasaidia kwa sababu zenyewe hazinywi maji kama wanga, na zinashikilia hata wanga ukilainika. Lakini peke yake haitoshi. Nilipaka nta ya nyuki. Inayeyuka karibu nyuzi joto 63, basi iwekeni ndani ya bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, msiiweke motoni moja kwa moja, inawaka. Brashi ndogo, ndani na nje, mkono mwepesi. Kitako msikipake, wekeni tabaka mbili za utando pale, ili mizizi ipate pa kutokea. Changu kimoja kimesimama dirishani wiki ya tano sasa na mche wa kabichi ndani yake. Kimekuwa cha rangi ya chai na kimelegea kidogo ubavuni, ila kinabebeka.

Na hapa, mama, nitasema ambalo huenda usilipende. Kahawa iacheni. Mche wa kahawa unakaa pepinyeri nusu mwaka na zaidi, ukimwagiliwa wakati wote, na hakuna wanga uliopikwa jikoni utakaosubiri muda huo. Kabichi na nyanya zinahamia shambani baada ya wiki nne mpaka sita, na huo ndio umri wa kiriba chenu. Mkulima anapanda mche pamoja na kiriba chake, mizizi haiguswi, udongo wa Kivu unamaliza kazi. Kwa kahawa, tumieni lile ganda la mgomba lenyewe, mlikunje na kulifunga kwa kamba yake. Mababu zetu walifungia vitu vingi humo.

La mwisho linanigusa zaidi kuliko yote. Kilo moja ya wanga inataka kilo nne hadi tano za muhogo mbichi. Viriba 500, kila kimoja gramu nane za wanga, ni kilo 4 za wanga, yaani kilo 16 hadi 20 za muhogo, na katika mji huu ninajua nyumba ambazo kilo 20 ni chakula cha siku nyingi. Nunueni ule uliokatwa na jembe au uliopondeka njiani, ambao sokoni hauna bei. Na yale maganda ya muhogo yanayotupwa, yaosheni, yakaushieni nje penye hewa mpaka yavunjike kwa sauti, yatwangeni na kuyachekecha kwa chujio la chai. Unga wake unaweza kukaa mahali pa sehemu ya wanga. Mimi niliweka gramu 10 za maganda na wanga 40. Rangi ikawa ya kahawia yenye madoa, na utando ukawa mgumu zaidi. Kwa kiriba, ugumu ni faida.

*Mama Mwalimu, mimi ni kijana wa Bagira. Nayeyusha sasheti na chupa za maji ndani ya pipa, nachanganya na vumbi la mbao la maseremala, natengeneza vigae vya kupanga uani. Vingine vinatoka na matundu na harufu ya kuungua. Kuna mteja anasema nikiandika kwamba vinaoza atanunua vyote. Je, vumbi la mbao linafanya plastiki ioze?*

Mwanangu, usiandike hivyo. Vumbi la mbao litaoza, plastiki haitaoza. Vijidudu vya udongo vinakula kwa kukata mnyororo mahali penye kiungo wanachokijua, na polietilini ya sasheti ni kaboni na kaboni tupu kwa maelfu, hakuna pa kushika. Miaka ya 1970 kule Uingereza, Gerald Griffin alitia punje za wanga ndani ya polietilini, na wengi baada yake waliuza mifuko ya namna hiyo kwa jina la kuoza. Wanga uliliwa kweli. Kilichobaki ni plastiki yenye matundu, iliyovunjika vipande vidogo zaidi, na vipande vidogo ni vibaya kuliko mfuko mzima, maana mfuko mzima unaweza kuuokota.

Ninaelewa kwa nini mteja wako anataka neno hilo. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza sasheti za plastiki nchini kwetu Kongo, na ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, zilikatazwa tangu 2008. Tangu hapo "inaoza" ni neno la kufungulia milango. Lakini kigae chako kina thamani yake bila uongo. Kila kilo ya sasheti iliyo ndani yake haitashuka na mtaro mpaka ziwani, wala haitafika kwenye bwawa la Ruzizi I, ambako takataka zetu zinasongamana na kuziba mitambo, na sisi tunakaa gizani. Mwambie mteja hivyo. Mwambie kinadumu.

Kuhusu matundu na harufu, una makosa mawili ndani ya pipa moja. Sasheti inayeyuka kabla ya nyuzi joto 135. Chupa ya maji inataka karibu 250. Mbao inaanza kuungua ukipita 200. Ukingoja chupa iyeyuke, vumbi limeshakuwa mkaa. Zitenge. Kata kipande cha kila plastiki, kitie ndani ya ndoo ya maji na kukizamisha kwa kidole: sasheti na vifuniko vya chupa vinaelea, chupa yenyewe inazama. Vinavyoelea ndivyo vyako. Vinavyozama usivitie motoni kabisa, kwa sababu kati yake kuna PVC ya mabomba, na moshi wake una asidi inayokula mapafu. Matundu ni mvuke. Vumbi la mbao hata likionekana kavu lina maji ndani, na kwenye plastiki ya moto maji hayo yanafura. Lianike siku nzima, kisha likaange juu ya moto mdogo kama karanga mpaka mkono uliofunika juu yake usipate unyevu. Lichekeche, la unga liende pamoja na la unga. Na ukae upande upepo unakotoka, tafadhali. Nimeona vijana wengi wakiinamia pipa.

*Mwalimu, ninasoma sayansi ya mazingira. Nilifukia nyuma ya nyumba kikombe cheupe kilichotengenezwa kwa mahindi, kimeandikwa kwamba kinageuka mboji. Baada ya miezi kumi na moja nimekichimbua kama nilivyokizika. Je, niliuziwa uongo? Nasikia viwanda vinatia unga wa mbao na nyuzi ndani ya plastiki hiyo. Ningechagua hicho, kingeoza upesi?*

Maandishi yalikuwa ya kweli kwa mahali pengine. Kikombe chako, kwa jinsi unavyokieleza, ni asidi ya polilaktiki, ile inayoitwa PLA. Mahindi yanatoa sukari, vijidudu vinaichachua kuwa asidi ya laktiki, kiwanda kinaiunga kuwa mnyororo. Ili ioze, maji lazima yaukate mnyororo kwanza, ndipo vijidudu viule, na ukataji huo unangoja joto. PLA inalegea karibu nyuzi joto 55 mpaka 60, na majaribio ya kutoa cheti cha Ulaya cha EN 13432 hufanywa katika mboji ya karibu nyuzi 58, ambapo asilimia 90 ya kaboni yake inatakiwa iwe imegeuka hewa ya kaboni ndani ya miezi sita. Udongo wa Bukavu, mita 1,500 juu ya bahari, una nyuzi kama 20. Ungengoja miaka. Ziwani ni vilevile, na kwa kuwa PLA ni nzito kuliko maji, ingezama usiione tena.

Unga wa mbao, nyuzi za mgomba au maganda ya kahawa yanasaidia kwa njia moja: maji yanapenya kufuata nyuzi mpaka ndani, na vijidudu vinapata pa kuanzia. Kasi inaongezeka. Joto linalohitajika halibadiliki sana, basi nyuma ya nyumba yenu kikombe chenye nyuzi kingekuwa kimechakaa juu na kizima katikati. Viwanda vinatia unga huo hasa kwa sababu PLA ni ghali na unga wa mbao ni rahisi, na kitu kinakuwa kigumu zaidi. Kigumu, lakini hakipindi. PLA yenyewe huvunjika kama biskuti, na kijazio kisichoshikana nayo kinaifanya ivunjike upesi zaidi. Ndiyo maana wanatia kiunganishi, mara nyingi anhidridi ya maleiki, kinachoshika plastiki kwa mkono mmoja na nyuzi kwa mwingine. Na wanakausha kila kitu mpaka maji yabaki chini ya asilimia 0.025, kwa kuwa maji yaleyale unayoyataka kwenye mboji yakiwa ndani ya mashine yanakata minyororo kabla kikombe hakijazaliwa.

Kama wewe ni mwanafunzi wa mazingira, soma pia kuhusu PHB, plastiki inayotengenezwa na bakteria. Maurice Lemoigne aliitambua mwaka 1926 Paris ndani ya bakteria, wanaoiweka akiba kama sisi tunavyoweka mafuta mwilini. Kwa kuwa vijidudu ndio wanaoitengeneza, vijidudu wa udongo wanajua kuila hata kwenye baridi. Bei yake ndiyo inayoizuia kufika Kadutu.

Kikombe chako usikitupe. Kusanyikeni wanafunzi watano mchange majani mabichi, maganda ya ndizi na samadi ya ng'ombe, mfanye rundo lenye mita moja kila upande, chini ya hapo halishiki joto. Kikate vipande vya ukubwa wa ukucha, uvipime, uvifunge ndani ya wavu wa kuvulia sambaza na kuviweka katikati. Siku ya tatu choma fimbo ya chuma mpaka ndani, iache dakika tano, uitoe. Ikiwa huwezi kuishika, umefika karibu na 60. Ligeuze rundo na kulilowesha kila linapopoa, ongeza majani. Baada ya wiki nane fungua wavu, osha, kausha, pima tena, na uniandikie gramu zote mbili.